Bradenton au Glendale: uwanja upi wa kambi ya besiboli uutembelee kwanza?

Katikati ya Februari, timu zote 30 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani hufunga virago na kwenda kambini. Timu 15 hupiga kambi Florida, 15 nyingine Arizona, na tangu mwishoni mwa mwezi huo hadi siku za mwisho za Machi hucheza mechi za kujipima nguvu ambazo matokeo yake hayaingii kwenye msimamo wa ligi. Mechi za Florida zinajulikana kama Grapefruit League, za Arizona kama Cactus League. Viwanja vya kambi ni vidogo kuliko vya msimu wenyewe, shabiki anakaa karibu na mchezaji, na hakuna anayekukunjia uso ukiuliza swali la mtu mgeni wa mchezo. Kwa Mswahili anayeishi Marekani, au anayepanga kwenda kuwasalimu ndugu huko mwezi Machi, sioni mlango mzuri zaidi wa kuingilia kwenye besiboli.

Shida ni kuchagua. Viwanja vya kambi viko zaidi ya 20, na huwezi kuvizunguka vyote. Hapa naviweka viwili ubavu kwa ubavu: LECOM Park mjini Bradenton, Florida, ambako Pittsburgh Pirates hujinoa, na Camelback Ranch huko Glendale, Arizona, kambi ya pamoja ya Los Angeles Dodgers na Chicago White Sox. Nimevichagua kwa sababu kimoja ndicho kikongwe kuliko vyote na kingine kinaonyesha jinsi kambi zinavyojengwa siku hizi. Sababu ya pili inatugusa zaidi: Pirates na Dodgers ni klabu zilizosaini vijana kutoka Uganda.

Bradenton: uwanja wa mtaani

LECOM Park ulifunguliwa mwaka 1923. Hakuna uwanja mwingine unaotumika leo kwa kambi za ligi kuu ulio na umri huo. Pirates wamekuwa hapo tangu 1969. Kwa miaka mingi uliitwa McKechnie Field, kwa heshima ya Bill McKechnie, kocha maarufu aliyekuwa mkazi wa mji huo, mpaka mwaka 2017 chuo cha udaktari chenye tawi Bradenton kilipochukua haki ya jina. Wazee wa mji bado wanalitumia lile la zamani.

Uwanja umekaa katikati ya makazi ya watu. Ukiukaribia unaona nyumba za kawaida, maduka, gereji, halafu ghafla ukuta mweupe wa mtindo wa makanisa ya kale ya Kihispania. Siku ya mechi wenye nyumba na wenye biashara za jirani hugeuza viwanja vyao kuwa maegesho. Unamlipa mwenye nyumba, unaacha gari kwenye nyasi zake, unatembea dakika chache, umefika. Wanaokuonyesha kiti chako wengi ni wazee wa kujitolea kutoka kwenye klabu ya mashabiki ya mji, na wengine wameifanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka. Ukikaa mapema kabla mechi haijaanza, mmoja wao atakusimulia mengi kuliko kitabu chochote cha mwongozo.

Nafasi ni za watu wapatao 8,500. Jukwaa la nyuma ya mpigaji lina paa linalofunika sehemu kubwa ya viti, na ukarabati wa mwaka 2013 uliongeza njia ya mbao inayozunguka nyuma ya uwanja wa nje, yaani sehemu ya mbali kabisa na mpigaji, hivyo unaweza kusimama na kinywaji chako ukiangalia mchezo kutoka upande wa pili. Taa zilifungwa mwaka 2008 tu. Kabla ya hapo, kwa miaka 85, besiboli hapa ilichezwa mchana peke yake.

Ukongwe huo unabeba pia historia nzito. Kabla ya Pirates, miaka ya 1950, Braves waliokuwa na makao Milwaukee walipiga kambi hapa, na kijana mmoja aliyekuja nao mwaka 1954 alikuwa Hank Aaron, ambaye baadaye alivunja rekodi ya Babe Ruth ya mipira iliyopigwa nje ya uwanja. Aaron na wenzake weusi hawakuruhusiwa kulala katika hoteli ya timu. Wenzao weupe walipokwenda hotelini, wao walipokelewa na familia za weusi wa mji huo. Kisha wakaja Pirates na Roberto Clemente wa Puerto Rico, aliyejinoa hapa katika miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki kwa ajali ya ndege tarehe 31 Desemba 1972, akiwa njiani kupeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi Nicaragua. Ni Pirates hao hao ambao tarehe 1 Septemba 1971 walianza mechi na wachezaji tisa weusi na wa Amerika ya Kilatini, kikosi cha kwanza cha namna hiyo katika ligi kuu. Na mtu wa kwanza kutoka Afrika kucheza ligi hiyo, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliingia uwanjani Aprili 26, 2017 akiwa na jezi ya Pirates, baada ya kukulia katika mfumo wao wa vijana. Binafsi, Mwafrika anayekaa kwenye viti vya Bradenton bila kuyajua haya anakosa nusu ya safari.

Glendale: kambi iliyopangwa

Camelback Ranch ulifunguliwa mwaka 2009 na unachukua watu wapatao 13,000. Kabla ya hapo Dodgers walikuwa wamejinoa Vero Beach, Florida, tangu 1948. Walihama kwa sababu inayoeleweka haraka ukiitazama ramani: mashabiki wao wako California, na Phoenix, jiji ambalo Glendale iko pembeni yake, iko mwendo wa nusu siku kwa gari kutoka Los Angeles. White Sox nao walihama kutoka Tucson, kusini mwa jimbo hilohilo.

Eneo ni kubwa, zaidi ya ekari 140. Uwanja mkuu uko katikati, viwanja vya mazoezi vya Dodgers upande mmoja, vya White Sox upande mwingine, na kati yao kuna ziwa la kutengenezwa lenye njia za kutembea kandokando. Majengo yana rangi ya udongo wa jangwa, kahawia na mchanga, na milima inaonekana kwa mbali. Nyuma ya uwanja wa nje kuna mteremko wa nyasi ambako unatandika shuka na kukaa. Watoto wanapenda sehemu hiyo kuliko kiti chochote, na tiketi zake kwa kawaida ndizo za bei ya chini.

Kinachokosekana ni mtaa. Ukitoka nje ya geti umo kwenye eneo la maegesho, na baada yake barabara pana. Hakuna duka la kona wala mzee aliyekaa barazani. Kila kitu kimewekwa mahali pake na watu waliofikiria vizuri, nami nakiri kwamba kwa familia yenye watoto wadogo mpangilio huo ni neema: vyoo vya kutosha, nafasi ya kukimbia, foleni zinazotembea.

Mazoezi, si mechi peke yake

Hapa ndipo ningemtaka msomaji asimame kidogo, kwa sababu wageni wengi hununua tiketi ya mechi na kuamini wameiona kambi. Kambi yenyewe iko kwenye mazoezi ya asubuhi. Mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, anarudia mwendo mmoja wa mguu mara thelathini kocha akiwa amesimama nyuma yake na tableti mkononi. Wadakaji, wale wanaoupokea mpira nyuma ya mpigaji, wanapiga magoti kwenye mstari, wakipokea mipira inayorushwa na mashine. Kijana wa miaka 19 aliyesaini akiwa mtoto huko Jamhuri ya Dominika anafundishwa jinsi ya kuacha kituo cha kwanza na kukimbilia cha pili, hatua mbili za mwanzo tu, tena na tena. Ukishayaona hayo, mechi ya mchana inafunguka. Unaelewa kwa nini yule mpigaji aliacha mpira upite.

Kwa hili Camelback Ranch una faida kubwa, kwa sababu viwanja vya mazoezi na uwanja mkuu viko ndani ya eneo moja. Unaweza kufika asubuhi, ukafuata njia ya kandokando ya ziwa, ukaangalia mazoezi, kisha ukaingia kwenye mechi bila kugusa gari. Mwezi Februari, kabla mechi hazijaanza, klabu hufungua baadhi ya mazoezi kwa watu wote bila kiingilio, na siku hizo wachezaji wana muda wa kusaini mipira na kofia za watoto.

Bradenton wamegawanya kambi yao mara mbili. Mechi ziko LECOM Park, lakini mazoezi mengi na vijana wote wako Pirate City, kituo kilichoko kilomita chache upande wa mashariki. Unahitaji gari kati ya viwili hivyo. Hata hivyo Pirate City kuna faraja yake: watazamaji ni wachache, hakuna kelele, na unasimama kwenye uzio ukimsikia kocha anavyosema. Ukienda Glendale kutazama Dodgers mambo ni mengine kabisa. Timu hiyo ilishinda ubingwa wa 2024 na wa 2025, Shohei Ohtani, nyota kutoka Japani, yupo, na waandishi wa habari wa kwao wanajazana kila anapohamisha mguu. Kwa anayetaka kumwona Ohtani, hiyo si kero. Kwa anayetaka kuelewa mchezo, ni umati unaoziba macho.

Pirates nao wana mtu wa kutazamwa: Paul Skenes, mrushaji aliyechaguliwa wa kwanza kabisa klabu zilipogawana wachezaji chipukizi mwaka 2023, na kutwaa tuzo ya mchezaji bora mpya wa National, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, mwaka 2024. Siku anayorusha yeye, viti vya Bradenton huisha mapema. Jua tu kwamba mwanzoni mwa kambi warushaji wakubwa hutolewa baada ya awamu mbili au tatu kati ya tisa, na huongezewa kadiri Machi inavyoenda. Anayefuata majina makubwa aende nusu ya pili ya mwezi, na achague mechi za nyumbani, kwa sababu timu ikisafiri mara nyingi huwaacha mastaa wake kambini. Anayependa kuona vijana wasio na nafasi bado, wenye namba za mgongoni 80 na 90, wakipigania maisha yao aende mwanzo. Mimi ningekwenda mwanzo.

Hali ya hewa, barabara na ratiba

Phoenix mwezi Machi ni kukavu, joto la mchana likizunguka nyuzi 25 na kuendelea, na mvua ni nadra kiasi kwamba unaweza kununua tiketi mapema bila wasiwasi. Jua lake ni kali na Camelback Ranch hauna vivuli vingi, kwa hiyo kofia, maji na mafuta ya kujikinga ni vya lazima. Jioni baridi ya jangwa huingia haraka. Beba sweta kama mechi ni ya usiku. Bradenton joto ni la aina hiyohiyo kwenye kipimajoto lakini lina unyevu, lenye upepo wa Ghuba, na aliyekulia Mombasa, Tanga au Zanzibar atajisikia nyumbani. Mvua inaweza kukatisha mechi, ingawa Machi si msimu wake mkubwa.

Kwa anayetaka kuona viwanja vingi, Arizona inashinda bila ubishi. Viwanja vyote 10 vya Cactus League viko ndani ya eneo la jiji la Phoenix. Kutoka Camelback Ranch, vya Peoria, Goodyear na Surprise viko jirani, na hata vya Scottsdale na Mesa upande wa mashariki unavifikia kwa takriban saa moja barabara ikiwa nzuri. Unaweza kuona timu moja mchana na nyingine usiku. Florida timu zimetawanyika katika pwani mbili. Kutoka Bradenton unawafikia kwa urahisi Orioles wa Sarasota, na ukivuka daraja la Sunshine Skyway unawakuta Yankees wa Tampa na Phillies wa Clearwater, lakini timu za Jupiter na West Palm Beach ziko ng'ambo ya pili ya jimbo, safari ya saa kadhaa.

Ratiba nayo ina uzito. Camelback Ranch una wenyeji wawili, hivyo karibu kila siku kuna mechi. LECOM Park una mwenyeji mmoja, na siku Pirates wanapocheza ugenini uwanja umefungwa. Ukinunua tiketi ya ndege kwanza na kutazama ratiba baadaye, Bradenton panaweza kukuacha mkono mtupu.

Kufika: Camelback Ranch uko kama kilomita 30 magharibi mwa uwanja wa ndege wa Phoenix, na gari ni lazima. Bradenton una uwanja mdogo wa ndege unaoshirikiana na Sarasota, karibu kabisa. Ndege nyingi zaidi na mara nyingi za bei nzuri hutua Tampa, mwendo wa kama saa moja.

Pesa

Bei hubadilika kila mwaka na kwa kila mechi, kwa hiyo nitasema mwelekeo tu. Tiketi za Dodgers ziko juu kati ya zote za Arizona, na zimepanda zaidi tangu Ohtani ajiunge nao kwa msimu wa 2024. Lakini uwanja ni uleule siku White Sox wanapokuwa wenyeji, na tiketi za White Sox huwa chini sana. Huo ndio mlango wa mwenye bajeti ndogo: asubuhi uwaangalie Dodgers wakijinoa kama milango ya mazoezi iko wazi, mchana ukae kwenye nyasi na White Sox. Bradenton bei hutulia katikati, isipokuwa Yankees, Red Sox au Phillies wanapokuja na mashabiki wao. Hoteli ndizo zinazoumiza Florida, kwa kuwa Machi ni mwezi ambao watalii wanaokimbia baridi hujaa kwenye fukwe za pwani hiyo. Ukipata ndugu wa kukulaza Tampa, umeokoa sehemu kubwa ya gharama. Kwa Arizona nako, Phoenix ni miongoni mwa miji iliyopokea wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi, na Kiswahili kinasikika huko makanisani na madukani. Uliza ukoo wako kabla hujalipia chumba.

Vijana wa Uganda

Mwaka 2012, watoto wa Lugazi waliiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia ya Little League huko Pennsylvania, timu ya kwanza kutoka Afrika kufika pale. Mwaka mmoja nyuma Waganda wengine walikuwa wamefuzu lakini wakakosa viza. Mbegu hiyo imeota. Mwaka 2022 Dodgers waliwasaini Ben Serunkuma na Umar Male, na mwaka 2023 Pirates wakamsaini mrushaji David Matoma.

Vijana wa hatua hiyo hupanda ngazi kwa ngazi, na wengi hawafiki juu. Ngazi za chini za Marekani ziko palepale kambini: Dodgers wana timu ya vijana inayocheza Camelback Ranch, Pirates wanayo yao Pirate City, na ngazi inayofuata ya Pirates, Bradenton Marauders, hucheza LECOM Park kuanzia Aprili hadi mwanzo wa Septemba. Kwa maana hiyo anayeishi Florida hahitaji kubanwa na Machi. Anaweza kwenda Mei au Juni, akalipa tiketi ya bei ndogo, na kukaa safu ya tatu nyuma ya mdakaji katika uwanja uleule wa 1923. Mechi za timu za vijana kwenye viwanja vya nyuma, kule Arizona na Florida pia, kwa kawaida hazina hata kiingilio, ila joto la kiangazi cha Phoenix ni la kuogopwa. Angalia orodha ya wachezaji wa siku hiyo kwenye ukurasa wa timu kabla hujatoka nyumbani, maana kijana huhamishwa kwa taarifa ya usiku mmoja.

Uamuzi wangu

Mwenye siku nne au tano, mwenye watoto, au anayetaka kuona timu nyingi iwezekanavyo, aende Glendale na akodi gari. Hatapoteza hata siku moja.

Lakini kama ni mechi moja tu, ya kwanza maishani, napeleka mtu Bradenton. Besiboli ni mchezo wa polepole, na mgeni huuelewa pale anapokaa karibu vya kutosha kusikia mpira ukigonga glovu, jirani yake akiwa mtu wa mji huo mwenye subira ya kumweleza. LECOM Park unatoa mambo hayo mawili kwa urahisi ambao Camelback Ranch, kwa uzuri wake wote, hauwezi kuulazimisha.

Ukiamua hivyo, chagua mechi ya saa 7 mchana ya katikati ya wiki, isiwe ya Yankees. Angalia ratiba kama Pirate City iko wazi asubuhi hiyo, na kama iko wazi, anzia huko. Fika mtaani kwa uwanja saa moja na nusu kabla ya mechi, na uwe na noti ndogondogo za kumlipa mwenye nyumba atakayekuwekea gari. Tiketi chukua ya nyuma ya mpigaji, chini ya paa.